Firigisi ya Mohamadi

Nasra ni mkaidi, na ninasema hivyo kwa upendo, kwa kuwa tumekaa ua mmoja hapa mtaani Tshopo miaka kumi na miwili. Kila alfajiri anakaanga maandazi mbele ya mlango wake, na ukimwambia yameungua, anakuongezea lililoungua zaidi. Mume wake, Mohamadi, ni mchuuzi wa maharagwe. Mwezi wa kwanza alikwenda Goma kufuata mzigo, vita vikafunga njia, na tangu hapo simu yake haipatikani.

Ramadhani yote Nasra alifunga kimya. Mwezi ulipoandama, akatangaza kwamba nyumbani kwake hakutakuwa na Idi. Nilikasirika. Binti yake Fatouma na wadogo zake wawili wamekwisha kufua nguo zao, halafu waambiwe Idi imeahirishwa! Lakini nilinyamaza, maana ulimi wa Nasra ninauogopa.

Solange hakunyamaza. Huyu ni jirani yetu Mkristo, mzaliwa wa Yanonge, kwa wavuvi; kila Idi hula kwa Nasra, na kila Noeli humlisha Nasra. Asubuhi alikuja na sahani yake tupu kama kawaida, ila safari hii kwapani alikuwa na kuku anayelalamika.

"Mama Fatouma, bonne fête, sikukuu njema. Nimeleta kuku muzima. Nikiikata miye, hamutakula."

"Papa Fatouma ndiye anachinjaka. Na haiko."

"Bon, alors chinja weye."

Sisi wanawake Waislamu wa hapa hatuchinji. Dini haikukataza, ni mazoea tu, na mazoea yana nguvu. Nasra alimtazama yule kuku, akawatazama watoto, kisha akaingia ndani na kutoka na kisu cha mumewe. Solange alishika miguu akafumba macho. Nasra akasema bismillahi, akachinja, na ikawa Idi. Mimi nililia, wala sioni aibu kusema.

Tulipokuwa tunakatakata nyama, Solange akaitenga firigisi, ambayo kila nyumba inajua ni ya baba.

"Leo weye ndiyo papa. Iko yako."

"Hapana. Iko na mwenyewe." Nasra akaiosha firigisi. "Kwenu ku Yanonge, samaki munaikaushaka namna gani?"

Solange akamwonyesha: chumvi nyingi, kijiti katikati, halafu moshi, polepole.

Sasa ni wiki ya tano tangu Idi. Simu ya Mohamadi bado haipatikani. Firigisi inaning'inia jikoni, na kila jioni Nasra anaigeuza juu ya moshi. Juzi Solange aliigonga kwa ukucha, akacheka.

"Hii itavunja papa meno."

"Arudi kwanza," Nasra akajibu. "Meno tutaona kiisha."