Dari Iliyopigwa kwa Nyimbo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, harusi yangu ikiwa karibu kabisa, mvua ilishuka hapa Munje na maji yakaingia mpaka chumba nilichopambiwa. Ndiyo nyumba hii hii ya mawe unayotaka kuibomoa ujenge vyumba vya kupangisha. Nililia wee! Wakwe walikwishatuma salamu: bibi harusi hatolewi katika nyumba inayovuja, harusi ingoje.

Nyumba ilikuwa ya bibi yangu, Bi Mwanakombo. Baba alitaka kuimwagia saruji dari yake, paa hili bapa la juu, basi yaishe.

"Thubutu!" bibi akasema. "Mawe haya yametoka baharini, yanapumua. Hukuuona msikiti mdogo wa kisimani? Walipoutia saruji kuta zilitoa chumvi, zikabambuka kama ngozi ya mgonjwa wa surua."

Bibi hakukosa pipa la chokaa iliyolowekwa, na siku ya pili akawaita majirani. Dari ya chokaa haipigwi kimya kimya, mwanangu. Watu walipanda juu na vipande mkononi, vile vibao vizito vya mpini. Mmoja akaimba, wengine wakaitikia, na kwa kila kiitikio vipande vikashuka pamoja kuishindilia chokaa, pwaa! Chini sufuria za pilau, juu vigelegele. Machozi yangu sikujua yalikwenda wapi.

Mara nikasikia kipande kimoja kinakosa mapigo. Pwaa, halafu pwa. Bibi akauliza, "Huyo anayetuharibia wimbo, mwana wa nani?" Jamaa akavuta kofia mpaka kwenye pua. Alikuwa baba yako! Bwana harusi, aliyetakiwa asionekane kwetu hata kivuli, alikuja kwa siri kuiokoa harusi yake. Nilicheka nikakaa chini. Anakohoa hapo kibarazani sasa, hataki niendelee.

Wakwe wangesema nini tena, na mtoto wao mwenyewe ameipiga dari? Harusi ikafanyika siku ile ile iliyopangwa, na wewe ukazaliwa chini ya dari hiyo.

Sasa imeanza kuvuja tena, nawe umekuja na fundi wa Ukunda na ramani ya ghorofa. Sikukatazi kujenga, mwanangu, kiwanja cha nyuma kile pale. Lakini nyumba iliyopigwa na mikono ya kijiji kizima usiiangushe kwa sababu ya tundu moja. Kabla ya kumwita mbomoaji, waite watu. Wakija, utajua ulicho nacho.

Chokaa nimeshaloweka. Mwambie na mchumba wako aje Jumamosi. Kipande cha baba yako kiko nyuma ya mlango, na wala usiogope kukosa mapigo, kumshinda yeye huwezi.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba isiyokauka watu, mke wa kucheka naye, na watoto watakaogombania kulala chini ya dari hii. Amin.