Ufunguo wa Sanduku la Televisheni

Vumbi linalopata moto ndani ya mbao: kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya nyota. Televisheni ya mtaa wetu, Mkunazini, ilikaa kwenye ukumbi wa wote, ndani ya sanduku la mbao lenye milango miwili na kufuli, na kila ikiwashwa harufu hiyo ilitangulia picha. Ufunguo alipewa Bi Zuhura Khamis, mpakuaji wa pilau kwenye harusi zetu. Mkono wake ulisifika: sinia ya tajiri na ya maskini zilipata nyama sawasawa. Nani mwengine angeaminiwa?

Mimi nilikuwa mtoto, shule nimeionja tu, Kizungu sikijui. Lakini mchezo ule wa chombo kinachosafiri baina ya nyota sikuukosa. Abiria walimvisha nahodha bangili iliyofungua na kufunga milango yote. Mwanzo aliwafungulia kila mtu, na maji akanywa wa mwisho. Kila wiki kiti chake kikazidi kupanda, milango ikazidi kufungwa. Nilikuwa nikimkazia macho usoni nijue ni wapi hasa alipogeuka, na sikupaona.

Wala kwa Bi Zuhura sikupaona. Alianza kuletewa kikombe cha kahawa, kwa heshima tu. Kisha asiyeleta akakalishwa nyuma. Kisha ikawa lazima tumtekee maji, ndipo afungue. Mwanajuma, mama wa shoga yangu Rukia, akakataa. "Mie sijaolewa na sanduku!" alisema, na wanawake wakacheka mpaka wakajifunika nyuso kwa kanga. Tangu hapo Rukia akapigwa marufuku. Akawa anasimama nje chini ya dirisha, anapata sauti bila ya picha, na mimi namhadithia asubuhi yake. Siku ya mwisho wa mchezo nilimwambia, "Leo tunaingia sote."

Tukaingia tumeshikana mikono. Kwenye picha abiria wamemzunguka nahodha, wanaitaka bangili yao. Bi Zuhura akatuona.

"Wewe Rukia, toka!"

Rukia hakutoka, nami sikumwachia. Bi Zuhura akaifunga milango ya sanduku, akatia kufuli.

"Basi haoni mtu. Nshasema."

Sauti ikaendelea mle ndani ya mbao, na ukumbi mzima ukawa kama Rukia chini ya dirisha. Mama yangu akasema taratibu, "Bi Zuhura, toka lini ukafunika sufuria na watu wana sahani mikononi?"

Bi Zuhura aliutazama ufunguo kiganjani kama kwamba kautia mtu mwengine. Alipokuja kufungua, mchezo ushakwisha, ilikuwa taarifa ya habari. Akauweka ufunguo juu ya mkeka mbele ya mama, akaenda zake. Na kwenye harusi aliendelea kupakua, kwa mkono ule ule wa haki.

Siku hizi nakaa Fuoni kwa mwanangu Asha. Televisheni yao haina mlango, ina rimoti, na wajukuu walipoigombania Asha akaamua ikae kwangu: "Bibi hana upendeleo." Juzi mjukuu wangu Salma kaniletea chai sijamwagiza. Sukari ilizidi. Nikainywa yote, nikamuuliza yeye anataka kutazama nini. Kikombe bado kina moto mkononi, nikamkumbuka Bi Zuhura. Miaka yote hii najiuliza kama nahodha yule aliivua bangili kwa hiari yake. Nikaiweka rimoti katikati ya mkeka, nikaurudisha mkono wangu. Haukurudi upesi.