Kilima cha Bibi

Jumapili baada ya misa, pale Sake, nilitazama watu wanne wakicheza mchezo walioutunga wenyewe. Ubao wao ni karatoni iliyochorwa vilima na barabara. Askari ni maharagwe, na kila Jumapili mwenye vilima vya kando ya barabara huongezewa mengine. Anayeteka kilima hukiandikia jina kwa kalamu ya biki, na Jumapili inayofuata wanaendelea palepale walipoachia.

Mama mmoja wa Ngungu alibakiwa na vilima vitatu. Kimoja alikipa jina la bibi yake. Mfanyabiashara wa Butembo akakizingira, akicheka.

"Mama, acha hii. Mimi nitaiita Depo, ghala yangu."

"Papa, beba ile mbili ya ku barabara. Hii hapana."

"Lakini barabara njo inaleta maharagwe! Juma ingine utakula nini?"

"Nitakula kidogo."

Akahamishia maharagwe yake yote juu ya kilima kile, moja moja. Yule papa akateka vile viwili, akashinda siku hiyo kwa wingi wa vilima.

Kwa desturi yao, mshindi husoma majina yote ya ubao kwa sauti. Akavaa miwani, akalisoma na la bibi.

Mimi ninatunza daftari la majina ya ukoo wetu kabatini. Hakuna mgeni aliyewahi kulazimika kuyasoma kwa sauti, kama lilivyosomwa la bibi yule.