Jiwe la Matobolwa

Juzi sokoni hapa Tabora nilisimama nyuma ya bwana mmoja mwenye koti safi na mvi za kutosha. Alikuwa anaonja matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikauke. Alitafuna taratibu, macho kafumba, kisha akatikisa kichwa.

“Matamu, dada yangu, ila siyo yenyewe.”

Muuzaji, mama mtu mzima, hakukasirika. “Mama yako alikuwa anaanika wapi?”

“Juu ya jiwe, nyuma ya nyumba yetu kule Goweko. Mimi ndiye niliyekaa pale kufukuza mbuzi, huku nalia nataka kwenda kucheza.”

“Mimi naanika kwenye turubai, kaka. Hilo jiwe bado lipo?”

“Lipo. Mama ndiye hayupo.”

Yule mama akafunika beseni lake kwa kanga, kisha akamwonyesha kwa kidevu fungu la viazi vibichi. “Basi beba hivi, ukachemshe, ukaanike. Na mbuzi uwafukuze mwenyewe.”

Bwana akacheka, akafuta macho, akabeba.

Utotoni tunajifunza kufukuza mbuzi. Ujanani tunajifunza kuyaficha matobolwa mfukoni, wenzetu wa shule wasituone. Mvi zikishaingia ndipo tunajifunza kuyatafuta.

Nami nilinunua fungu langu la viazi vibichi, nikarudi nalo nyumbani nikitembea kwa furaha. Nilipolitua mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba jiwe la kwetu lilishapondwa kokoto.