Chai kwa Mama wa Setla

Katikati ya miaka ya hamsini nilipelekwa Uingereza kusomea ualimu. Setla, yaani mzungu mwenye shamba, aliyemwajiri baba yangu karibu na Njoro, alinipa anwani ya mama yake nikamsalimie. Setla huyohuyo alikuwa amewaambia wafanyakazi wenye mifugo wahame baada ya mavuno. Baba alikuwa na ng'ombe, na hatukuwa na kwingine kwa kwenda.

"Mwombe huyo mama azungumze na mwanawe," baba aliniambia. "Mwana ni mtu mzima, lakini mama ni mama."

Jumapili moja nikapanda basi hadi kijijini kwake. Mama huyo, mzee wa kutembelea fimbo, alinionyesha kanisa la mawe, makaburi yaliyofutika majina, kisha nyumba za kale zilizoezekwa nyasi. Nilizitazama sana. Shambani, mwanawe alisema nyumba zetu za nyasi ni uchafu. Hapa watu walitoka mbali kuja kuzipiga picha.

"Unacheka nini, kijana?"

"Nyasi, mama. Hata sisi tunaezeka."

"Basi panda juu unizibie paa langu, linavuja!"

Tukacheka, akanikaribisha chai na keki. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mgeni hatangulizi haja yake. Anakula, anapumzika, kisha mwenye nyumba anamwuliza, "Haya, umeletwa na nini?" Nikala, nikangoja. Aliniuliza habari za mvua, za masomo, na kama mwanawe amenenepa. Nikazidi kungoja. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kwao kumwuliza mgeni kilichomleta ni kama kumfukuza.

Akatazama saa ya ukutani, akaniletea koti. "Usije ukaachwa na basi."

Nikashukuru, nikaenda. Ningeweza kumwandikia, au kurudi Jumapili nyingine. Sikufanya hivyo. Niliona haya, na haya hiyo nikaiita adabu.

Niliporudi Nakuru nilimkuta baba mtaa wa Bondeni, kwenye chumba kimoja cha dada yangu. Ng'ombe walikuwa wameuzwa.

"Ulimwona yule mama?"

"Nilimwona."

"Ukamwambia?"

"Hakuniuliza, baba."

Desturi ile alinifundisha yeye mwenyewe. Akasema polepole, bila hasira, "Mimi ningemwambia."