Samaki Chini ya Barafu

Ndugu yangu mdogo ana kipaji cha kupiga simu wakati usiofaa. Jumapili hiyo nilikuwa na pasi mkononi, ibada kule Blacktown inakaribia, joto la Februari limeanza kutuchoma hapa Toongabbie, Sydney, kabla hata ya chai, na yeye huyo kwenye video, kajifunga makoti hadi puani, kasimama juu ya ziwa. Juu ya ziwa, jamani! Huko Kanada anakoishi maji huganda mpaka yakabeba gari, na watu hutoboa shimo kwenye barafu wakavua samaki.

"Dada, hii mashine imekataa," akasema.

Alikuwa ameinunua ya mtumba mtandaoni, bila kitabu cha maelezo: kisanduku chenye skrini, betri, na waya mrefu wenye kichwa kinene kama kizibo cha thamosi. Kichwa hicho kinatumbukizwa shimoni, kinatuma sauti chini, sauti inagonga samaki na kurudi, na skrini inakuonyesha alipo.

"Mimi nayajulia wapi mambo ya samaki?"

"Si kazi yako ni kupiga picha matumbo ya wajawazito? Ni sauti hiyo hiyo."

Hapo alinipata. Nikaiweka pasi kando.

Shida ilikuwa Mama, aliyekuwa jikoni, karibu na meza yangu ya pasi, akiparua magamba ya samaki aina ya ngege. Hakuwa amemwambia mwanawe neno tangu tumzike Baba, mwaka juzi. Ndugu yangu hakuja mazishini. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado. Angetoka Kanada, asingeruhusiwa kurudi. Nilimweleza Mama hayo kwa upole, kwa ukali na kwa machozi. Akanijibu mara moja tu: "Karatasi na baba, nani mkubwa?" Tangu ahamie kwangu Sydney, kila sauti ya ndugu yangu ilipotoka kwenye simu, Mama alibeba beseni akaenda nje kuanika nguo. Zipo nguo humu ndani zilizoanikwa mara tatu bila kuvaliwa. Ndugu yangu naye humaliza kila simu na "nisalimie Mama", na nikifikisha salamu, Mama ananiuliza kama mkate umeisha. Iliniuma, sifichi. Wao wawili ndio wenye vichwa vigumu, mimi ndiye niliyekuwa nakosa usingizi.

Lakini siku hiyo hakukuwa na nguo, na samaki hawaachiwi nzi. Mama akabaki, akanipa mgongo.

"Haya, nionyeshe," nikamwambia ndugu yangu. Skrini ya mashine ilijaa vidoadoa, chini hadi juu. "Umepandisha nguvu hadi mwisho?"

"Ili ione vizuri."

"Ndiyo maana haioni kitu! Mtu ukimpigia kelele masikioni atakuelewa? Shusha. Na kile kichwa umekiweka wapi?"

Akageuza kamera. Kichwa kilikuwa kimelala ubavu kwenye uji wa barafu, mapovu tele. Hasira za kazini zikanipanda.

"Wewe! Hewa ndiyo adui wa mashine hizi. Unadhani tunawapaka akina mama ile jeli baridi tumboni kwa mapambo? Chota huo uji wote, shimoni yabaki maji matupu. Halafu shusha kichwa kipite unene wa barafu, kining'inie wima, kitazame chini."

Akachota kwa upawa wa matundu, akilalamika kwamba vidole vimekufa ganzi. Akashusha waya. Vidoadoa vikatoweka, ukabaki mstari mnene chini kabisa: sakafu ya ziwa. Akatumbukiza ndoano, na mstari mwembamba ukashuka, ukasimama katikati.

Jikoni, kisu kilinyamaza.

Sikugeuka. Niliegemeza simu kwenye chupa ya sosi, nikarudia pasi yangu na kola ile ile ya gauni la ibada. Mara harufu ya samaki ikafika begani kwangu. Mama aliuza samaki ufuoni Kisumu maisha yake yote ya ndoa, samaki waliovuliwa na Baba, lakini kilichomo chini ya maji hakuwahi kukiona. Mwanawe hakumtazama, alikodolea macho ule mstari.

Mstari mwingine ukatokea kwenye sakafu ya ziwa. Ukapanda kidogo. Ukasita. Ukapanda tena kuelekea ndoano.

"Huyo," ndugu yangu akanong'ona. Ufito wake wa kuvulia ukainama.

"Inua!" Mama akapiga ukelele. "Inua sasa, mjinga wewe, usimchezee!"

Hakuinua. Simu yake ilitikisika, ikaonyesha mbingu, halafu uso wake, kope zimeshika barafu. Nyuma yake ufito ulikuwa umenyooka tena.

"Mama?"

Nilisikia harufu ya kola ikiungua, na bado sikuinyanyua pasi.

"Ameenda," Mama akasema hatimaye.

"Acha aende, Mama." Alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. "Acha aende tu."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, magamba mengine yakabaki vidoleni. Akavuta kiti, akaketi mbele ya simu.

"Baba yako angekucheka," akamwambia. "Samaki mzima vile! Weka chambo kingine. Leo sina nguo za kuanika."