Mlango wa Panagos Siku ya Somo Wake

Mzee Panagos alikuwa na mizeituni, mizinga ya nyuki na Usparta. Mbuzi wake aliwaita majina ya wafalme wa kale wa Sparta, mji wa Wagiriki uliosifika kwa vita, kuanzia Leonida, na kila kiangazi kijiji kilipoigiza vita vya zamani, kofia ya chuma ya mfalme alivaa yeye, ingawa ilimbana masikio.

"Mate yangu yakipimwa, watakuta Sparta tupu mpaka kwenye kucha!" alisema mgahawani.

"Watakuta jibini," alijibu Thrasivoulos, fundi viatu, kumbare wa Panagos, yaani baba wa ubatizo wa binti yake.

Maneno hayo yalimuuma. Mjukuu wake Vasiliki alipokuja kutoka Athene, Panagos alitema mate kwenye kichupa, yakapelekwa maabara kupimwa asili yake, naye akatangaza kwamba majibu yatasomwa nyumbani kwake siku ya somo wake, sikukuu ya Mama wa Mungu, ambaye jina la Panagos limetoka kwake, mbele ya wote.

Majibu yaliingia kwenye simu ya Vasiliki siku moja kabla.

"Babu, kaa kwanza."

"Nimeshakaa."

"Wewe ni Mgiriki, hilo halina shida. Lakini sehemu kubwa ya asili yako ni Waslavi. Wale wa kaskazini, jamaa wa Wabulgaria na Warusi."

"Umepeleka mate ya nani wewe? Ya mbuzi?"

Vasiliki alicheka, kisha akamweleza taratibu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu wale walishuka na wake zao, watoto na majembe, wakalima milima hii hii. Wafalme wa Konstantinopoli walihangaika nao sana. Baadaye wakabatizwa, wakaoana na wenyeji, wakashika Kigiriki, mambo yakasahaulika.

"Nani aliyesahau?" Panagos aliuliza.

"Sisi, Babu."

Mzee alisimama akamwendea mkewe Garoufalia, aliyekuwa akikaanga vitumbua vya asali vya sikukuu. "Kesho mlango ufungwe."

"Ufungwe? Siku ya somo wako?" Huko hakuna anayealikwa siku hiyo, mlango huachwa wazi na kijiji kizima huingia. Nyumba inayofungwa ni ile yenye msiba tu. "Watu wakiniuliza nani kafa, nimtaje nani?"

"Sema mfalme."

"Basi utamfungia na Mama Maria nje, maana yeye ndiye mwenye siku," alisema Garoufalia, akageuza vitumbua vyake.

Asubuhi walikwenda kanisani, Panagos akiwa amenuna. Padri Anthimo akawaombea waliojenga kanisa, kama afanyavyo kila ibada, akataja jina la wa kwanza wao, lile lililoandikwa ukutani juu ya mlango: Dragomiri. Padri alijikwaa nalo kama kawaida. Panagos alipokuwa mdogo alilicheka jina hilo, bibi yake akamfinya sikio. Hata uzeeni lilimchekesha bado.

Safari hii Vasiliki alimnong'oneza, "Hilo jina si la Kigiriki, Babu. Ni la wale."

Panagos aliinua macho ukutani. Mtu huyo alikuja mgeni, akaamini, akabeba mawe mlimani ili Mungu apate nyumba. Na yeye amemcheka maisha yake yote! Machozi yalimtoka, akafanya ishara ya msalaba taratibu.

Alipofika nyumbani alifungua mlango kwa mikono yake mwenyewe, akaweka jiwe usijirudishe.

Watu wakajaa. "Miaka mingi, Panagos! Miaka mingi!" Thrasivoulos alikuwa na glasi mkononi kabla hajakaa. "Haya, mfalme, tusomee."

Panagos akawaambia yote, hakuficha kitu. Nyumba ikalipuka kicheko.

"Mfalme wetu katoka kwenye theluji!" Thrasivoulos alijipiga mapaja. "Ndiyo maana jua linamchubua pua!"

"Cheka, kumbare, cheka. Lakini kanisa ulilobatiziwa amelijenga Dragomiri, mtu wa kwetu."

"Babu, hilo halijathibitika..." Vasiliki alianza.

"Wewe kula kitumbua."

Thrasivoulos aliacha kucheka. Akatazama glasi yake, akawatazama wenzake. "Wa kwenu peke yenu? Ukoo wangu uko mlimani hapa tangu kabla yenu! Vasiliki, mwanangu, kichupa cha mate kimebaki?"

"Na mimi!" mama mmoja alipaza sauti kutoka jikoni. "Na mume wangu, hata kama hataki!"

Panagos alimtazama Garoufalia, naye Garoufalia akajifanya anahesabu sahani. Mzee akachukua kofia ya chuma pale msumarini, akamvisha Thrasivoulos. Ilimkaa vizuri kabisa, wala haikumbana masikio.

"Kaeni, jamaa zangu," Panagos alisema. "Mbuzi bado yuko motoni."

"Yupi?"

"Leonida. Mungu amrehemu, alikuwa mkorofi."